Dar mpaka mwisho wa reli: safari yangu ya kurudi Kigoma baada ya miaka 16

Nimerudi Dar wiki iliyopita, miguu ndo kwanza imeacha kuvimba, na simu ina picha zaidi ya mia tatu ambazo nusu yake ni vichaka vimepita kasi dirishani. Nimeamua niandike sasa kabla sijasahau, maana vitu vingi nilikuwa naandika kwenye simu usiku na vingine kwenye mgongo wa tiketi.

Kwanza mjue kwanini nilienda kwa treni wakati basi lipo. Mi nimezaliwa Ujiji na nimelelewa na bibi mzaa mama mpaka nilipofika darasa la tatu. Mwaka 2008, nikiwa na miaka 9, mama alikuja kunichukua nije nisome Dar. Tuliondoka Kigoma jioni kwa treni. Nakumbuka nilivyolia stesheni, nakumbuka nikalala kichwa changu kikiwa kwenye mapaja, kanga inanukia mawese na moshi wa kuni, halafu nikashtuka asubuhi tupo Tabora mama ananipa andazi. Katikati hapo hakuna kitu. Njia yote ya kwetu nimeipita nimelala. Na bibi sikumbuki kama aliniaga, nimetafuta sana kichwani sioni, na hilo lilikaa moyoni miaka yote. Nikiwa Mbagala shuleni wenzangu wananicheka ninavyoongea, nilikuwa najiambia hata bibi mwenyewe aliniachia tu nikaondoka.

Basi mwaka huu 2024 nikajipanga. Nauza vitambaa Kariakoo, duka la watu, nikaomba likizo wiki mbili za mwanzoni mwa Desemba kabla ya msimu wa sikukuu. Nikajiwekea nia moja tu, Tabora mpaka Kigoma nisifumbe macho.

Siku ya kwanza: Dar – Dodoma

Nimetoka Mbagala saa kumi alfajiri na bodaboda, elfu nane, daladala zilikuwepo lakini sikutaka presha. Tiketi ya SGR, ile treni mpya ya umeme, nilikata kwenye simu siku nne kabla, Dar mpaka Dodoma daraja la kawaida 31,000, unaweka namba ya kitambulisho na unatakiwa uwe nacho siku ya safari. Begi linapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, kwa hiyo usije dakika za mwisho ukategemea kuruka geti.

Hii treni ya umeme mi ilikuwa mara yangu ya kwanza. Sina maneno mengi, inatembea. Pale kwenye skrini nikaona imegusa 160 na chai yangu haijamwagika. Pugu, Soga, Ruvu, unatazama tu nguzo. Morogoro milima ya Uluguru ilikuwa na ukungu kichwani. Baada ya Kilosa ndo kuzuri zaidi, unaingia kwenye mahandaki, giza, mwanga, giza tena, watoto wote ndani ya behewa wanapiga kelele na watu wazima tunacheka. Kumbuka kubeba mtandio au sweta maana kipupwe ni kikali kwelikweli, dada aliyekaa pembeni yangu alijifunika begi.

Masaa manne hivi tupo Dodoma. Mwaka ule na mama sehemu hii ilitumaliza, mimi nakumbuka jua, kiu, na maji ya kwenye dumu yenye ladha ya plastiki.

Ushauri kwa mtakaounganisha: mwaka 2024 abiria wa SGR walikuwa wanaishia Dodoma, kwenda Kigoma ilibidi uhamie treni ya zamani kwenye stesheni ya zamani mjini. Nilichukua bajaji elfu tatu. Usipange hizi treni mbili zikutane kwa nusu saa, acha nafasi ya kutosha maana ile ya zamani inatoka mbali na inabeba mambo mengi. Mi nilikuwa na masaa ya kutosha nikala wali maharage na zabibu za Dodoma, kifuko elfu mbili, tamu.

Treni ikaingia karibu saa kumi na moja jioni. Nilikata daraja la pili la kulala, haikufika elfu hamsini. Chumba vitanda sita, wanawake peke yao na wanaume peke yao, ukitaka kukaa na mumeo au kaka yako inabidi mkate chumba kizima. Mle ndani nikakuta mama mmoja mtu mzima anaelekea Kasulu, dada mmoja ana mtoto mchanga anashuka Urambo, na wanafunzi wawili wa chuo wanaorudi Tabora. Kitanda cha sita kilikaa mizigo.

Yule mama nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaniuliza naenda wapi, nikasema Ujiji kwa bibi. Uso wake ukabadilika kabisa, akaanza kupiga makofi yale ya taratibu ya salamu ya Kiha, "Mwakeye, mwakeye," japo ilishakuwa jioni, na yanaendelea maneno marefu ambayo mi nilikuwa nayajua zamani. Nikapiga makofi pamoja naye. Maneno hayakuja. Nikasema mama samahani, nimekulia Dar, Kiha kimenitoka. Akasema, "Hakijatoka mwanangu, mikono yako imeitikia."

Usiku huohuo: Saranda

Bahi tulipita jua linazama juu ya majaruba ya mpunga. Halafu giza, na ikifika Saranda treni nzima inaamka. Kama hujawahi kusafiri na reli ya kati, Saranda ndo mahali pa kula. Taa za chemli na tochi pande zote, kuku, ugali, wali, mayai ya kuchemsha, watu wanapandisha sahani mpaka dirishani. Wanaoweza wanashuka wanakaa kwenye mabenchi. Nilikula ugali na kipande cha kuku elfu nne, nimekaa na wale wanafunzi, na tulikuwa tunatazamana na treni muda wote kwa sababu ikipiga honi unaondoka na kidari mkononi. Beba chenji ndogondogo jamani, ukitoa noti ya elfu kumi gizani pale muuzaji anaenda kuitafutia chenji na wewe roho inadunda. Wangu alirudi akikimbia treni ishaanza kutikisika, akanirushia elfu sita zimefungwa na mpira. Kijana mdogo tu, angeweza kupotea na mi nisingefanya kitu.

Baada ya hapo treni inapanda ukuta wa bonde la ufa kuelekea Manyoni, unasikia kabisa inavyovuta. Itigi sikuona kitu zaidi ya taa mbili tatu. Sikulala. Nilikaa dirishani nimejifunga kanga, yule dada wa mtoto akanipa mtoto nimshike kidogo apumzike, akalala masaa mawili, mtoto yuko kifuani kwangu ananusa shingo.

Siku ya pili: Tabora – Kigoma

Tabora tumefika kabla hakujapambazuka vizuri, tukakaa sana. Hapa reli inagawanyika, mabehewa ya kwenda Mwanza yanakatwa, ya kuelekea Kigoma yanapangwa upya, kila baada ya muda unasikia *kwaa* na watu wanayumba. Kama una chai ya moto usiishike.

Nikashuka. Nilitaka nisimame pale nilipopewa andazi. Sikupata ni wapi hasa, jukwaa ni refu na kumbukumbu yangu ni ya dirisha tu, lakini nikanunua maandazi manne mia mbili mbili nikala nimesimama. Msimu wa maembe ulikuwa umekolea, ndoo ndogo elfu tatu, na asali ya Tabora lita elfu kumi. Nikachukua lita mbili kwa ajili ya bibi. Ukinunua asali pale funga mfuniko kwa nailoni halafu iweke wima ndani ya ndoo, mwenzetu chumba cha pili ilimwagikia godoro.

Kuanzia hapo ndo njia yangu sasa. Usoke, Urambo tukamshusha dada na mtoto wake, Kaliua panapochepuka reli ya Mpanda. Miombo, nyumba za tofali na mabanda ya kukaushia tumbaku, watoto wanapunga mkono halafu wanakimbia na treni mpaka pumzi iishe. Kila stesheni nilikuwa naandika jina. Mtandao baada ya Kaliua ni wa kubahatisha, kama una kazi ya simu imalize mapema na pawabenki iwe imejaa, soketi kwenye behewa letu hazikuwa zinafanya kazi.

Yule mama wa Kasulu nilishamweleza habari yote usiku. Kwamba hii njia niliilala, nataka niione. Akaniuliza, "Unataka kuona nini hasa?" nikasema Malagarasi, mto, maana bibi alikuwa anautaja kwenye hadithi zake kila siku, kwamba ng'ambo ya Malagarasi ni nchi za watu na huku ndo kwetu.

Na baada ya Usinge, jua la mchana, tumbo limeshiba maembe, usiku mzima sijalala, macho yakafumba yenyewe. Sijui hata ilikuwaje.

Nilichosikia ni mkono begani. "Mwanangu. Amka. Maji hayo."

Nikaruka dirishani. Nje pande zote mbili majani ya kinamasi mpaka macho yanapoishia, matete, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja, mtumbwi mmoja na mtu ndani yake hakugeuka hata kututazama. Halafu sauti ya treni ikabadilika, ikawa ya chuma tupu, daraja, na chini mto wa rangi ya chai ya maziwa unaenda polepole. Haikuchukua hata dakika. Lile eneo la Malagarasi na Muyovosi ndo lilikuwa la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia, mwaka 2000, na ukiliona unaelewa kwanini. Mi nililia. Yule mama akanyamaza, akaniachia dirisha lote. Baadaye dada wa chumba cha pili akaniambia huyo mama tangu Nguruka alikuwa hajalala, kila baada ya muda anatoka koridoni kuuliza "tumefika mtoni?" asije akanikosesha. Alikuwa na usingizi kuliko mimi, ametoka Dar kwa treni hiyohiyo tangu siku ya nyuma yake.

Uvinza tulisimama kama dakika ishirini. Huu ni mji wa chumvi, inatoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi na watu wameichemsha hapo tangu zamani sana kabla ya Mjerumani, na kina mama wanauza vifuko madirishani, mia tano, elfu moja. Sikununua, mikono ilikuwa imejaa maembe na asali.

Kutoka hapo michikichi inaanza kuwa mingi, ardhi inakuwa nyekundu, na ukikata kona za mwisho Ziwa Tanganyika linatokea kushoto. Saa kumi na mbili jioni kasoro, jua liko upande wa Kongo, milima ya ng'ambo inaonekana kama imechorwa na penseli. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na inaishia hapa kweli, mbele ya jengo la Mjerumani lenye matao, ukitoka mlangoni barabara inapanda kuelekea mtaa wa Mwanga. Mwisho wa reli.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi. Mjomba akaniambia amekaa hapo tangu saa nane, amekataa kwenda nyumbani. Amekuwa mdogo sana, kichwa chake kinanifika kifuani. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Mjukuu wangu, umepanda treni ukiwa macho?" Nikadhani anatania tu.

Siku ya tatu mpaka ya saba: Ujiji

Siwezi kuandika siku zote, nyingine tulikaa tu barazani tunachambua dagaa.

Kigoma mjini mpaka Ujiji ni daladala, shilingi mia kadhaa, zinapita muda wote. Watu wengi wanakuja Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kuna mnara, miembe na makumbusho ndogo, nenda na uongee na wale wahifadhi wanajua mambo. Lakini tembea pia mitaa yenyewe, nyumba za zamani zenye baraza, wazee wanacheza bao, Kiswahili chao kina lafudhi ambayo mi nilichekwa nayo Dar na sasa nikiisikia natamani kukumbatia kila mtu.

Chakula ni migebuka ya kuchoma au iliyoungwa kwa mawese, ugali wa muhogo, na dagaa. Dagaa wa Kigoma sa hivi ni hela, wazuri wakavu nilinunua kilo elfu ishirini na tano. Mjomba ni mvuvi, akasema mwaka huu serikali ilifunga ziwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, na maisha yalikuwa magumu kipindi kile ila walipofungua wakaona mabadiliko. Anavua usiku kwa taa, ila zile karabai za utotoni, zile za kupampu zinazounguruma, sikuziona mtumbwini kwake, anatumia taa za betri na sola. Usiku wa giza ukitazama ziwani bado unaona mji wa taa majini. Mbalamwezi ikiwa kali hawaendi, dagaa hawafuati taa.

Kilichoniuma ni ufukwe. Nilikuwa na picha kichwani ya mchanga tuliokuwa tunacheza, na mti tuliokuwa tunaning'iniza nguo. Ziwa limepanda miaka hii, Kibirizi penyewe, pale boti zinapotia nanga, maji yaliingia mpaka kwenye majengo, na pale petu mti umesimama ndani ya maji umekauka, ndege wamejaa juu. Bibi akasema, "Maji yamekuja kuuliza watoto wameenda wapi." Tukakaa hapo mpaka baridi ikaanza.

Liemba nayo nilienda kuitazama bandarini kwa mbali. Ile meli ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na wenyewe 1916, ikaibuliwa, na tangu 1927 imekuwa ikibeba watu. Utotoni honi yake tuliisikia mpaka nyumbani. Nilipoenda ilikuwa imesimama kwa ukarabati. Ukitaka kwenda Gombe kuona sokwe panga mapema, mi hela haikutosha.

Siku ya sita usiku umeme ulikatika, tumekaa na bibi jikoni. Ndo nikamuuliza. Nikasema bibi, siku ile mama ananichukua, mbona hukuniaga?

Alinyamaza muda mrefu anachochea kuni. Halafu akasema hakuniaga kwa sababu hakubaki stesheni. Alikuwa ndani ya treni. Alikata tiketi ya kuishia Uvinza, na mama akamkatalia akasema mtoto atalia zaidi, yeye akapanda hivyohivyo. "Ulilala kwenye mapaja yangu. Mama yako alikaa upande wa pili. Tulipofika Uvinza usiku nikakuinua kichwa nikakiweka kwake, hukushtuka. Nikashuka." Alikaa kwenye benchi la stesheni mpaka asubuhi, akapata lori la chumvi likamrudisha Kigoma.

Sikujua niseme nini. Miaka 16 ile kanga ya mawese na moshi nilikuwa naamini ni ya mama, na wala sikuwahi kujiuliza mama aliyetoka Dar siku mbili kabla angenukiaje mawese.

Siku ya nane: kurudi

Kama unarudi kwa treni kutoka Kigoma msimu wa kuelekea Krismasi kata tiketi siku ileile unayofika, foleni ni ndefu na vitanda vinaisha haraka. Mi nilipata daraja la pili la kukaa, usiku mzima kwenye kiti, na mizigo yangu ilikuwa dagaa kilo tatu, dumu la mawese lita tano na mkungu wa ndizi ambao sikuuomba.

Bibi safari hii aliniaga. Alinisindikiza mpaka mlangoni kwa behewa, akapiga makofi ya salamu, mi nikapiga, na neno moja la Kiha nililokuwa nimelipata tena nikalisema nalo, akacheka mpaka akashika mlango. Honi ikapigwa. Alipungua taratibu pale jukwaani na kanga yake, mjomba amemshika mkono.

Luiche, Kandaga, giza likaingia. Sikulala.

Uvinza tukaingia usiku. Nikamwomba kaka niliyekaa naye aniangalizie mizigo, nikashuka. Benchi lipo, sijui kama ndo lilelile, la mbao, limechongoka pembeni. Nikakaa. Kulikuwa na mama mmoja na ndoo yake ya chumvi na kibatari, akaniuzia kifuko cha elfu moja, akaniuliza mbona unakaa wakati treni inaondoka. Nikamwambia dakika moja tu mama. Simu ikashika mtandao, ikaita hapohapo kabla sijapiga.

"Mmefika Uvinza?" bibi akauliza.